Vifaa Vipya, Mwendo Uleule: Kutafuta Kinachobana Mtandao wa Waya Nyumbani

Kadi ya mtandao ya gigabiti 2.5 si kitu unachokikuta kila duka la kompyuta hapa Tabora mjini. Wengi wanaiagiza Kariakoo, inapakiwa kwenye basi, na wao wanaifuata stendi. Ikifungwa na mwendo ukabaki uleule, nauli ya kifurushi imeshakwenda na kadi inaishia kabatini. Katika nyumba nyingi ninazoitwa, kadi ni nzima na swichi (kifaa cha kuunganisha nyaya za kompyuta kadhaa) ni nzima. Tatizo liko kwenye konekta iliyobanwa vibaya, au waya ambao shaba yake ni ya kupakwa tu, au diski isiyoweza kupokea mzigo. Kwa hiyo tafuta kwanza mahali panapobana, ukishapapata ndipo utoe hela.

Nazungumza na watu wenye kazi nzito nyumbani: mpiga video za harusi anayehariri sebuleni, mwenye kompyuta tatu za kutengenezea albamu, familia yenye diski moja ya pamoja ya kuhifadhia kila kitu. Harusi iliyopigwa kwa kamera mbili kuanzia asubuhi hadi ukumbini inaweza kufika gigabaiti 200. Mtandao wa megabiti 100 unauhamisha mzigo huo kwa karibu saa 5. Wa gigabiti moja unauhamisha kwa nusu saa. Wa gigabiti 2.5, diski zikiwa na uwezo, unachukua dakika 12 hivi. Hiyo ndiyo faida halisi ya kuboresha waya wa nyumbani, na kwa mtu anayesubiriwa na maharusi ni faida kubwa.

Soma namba kabla ya kushika koleo

Kwenye Windows fungua mipangilio ya mtandao, ingia Ethernet, shuka hadi mstari wa Link speed. Au fungua PowerShell uandike Get-NetAdapter, utaona namba ya kila kadi. Kwenye Linux andika ethtool ukifuatishia jina la kadi. Namba hiyo ni makubaliano kati ya kadi yako na kifaa kilichoko upande wa pili wa waya: 100 Mb/s, 1 Gb/s au 2.5 Gb/s. Haisemi faili litakwenda kasi gani, inasema barabara ni pana kiasi gani.

Kipimo cha pili ni programu ya bure inayoitwa iperf3. Iweke kwenye kompyuta mbili. Ya kwanza iandikie iperf3 -s, ya pili iandikie iperf3 -c ikifuatiwa na anwani ya IP ya ile ya kwanza. Uzuri wake ni kwamba haigusi diski hata kidogo. Inapima waya, kadi na swichi peke yake. Ukirudia ukiongeza -R mwishoni, inapima upande wa kurudi. Mtandao wa gigabiti moja usio na hitilafu hutoa karibu megabiti 940 kwa sekunde, wa 2.5 hutoa karibu 2,350, na wa 100 hutoa 94 au 95. Pungufu hiyo ndogo ni nafasi inayoliwa na taarifa za usafirishaji wa data, si ugonjwa.

Tofautisha pia biti na baiti, maana watu wengi wanahangaika bure hapa. Baiti moja ni biti 8. Dirisha la kunakili faili la Windows linaonyesha megabaiti. Kwa hiyo ukiona 112 MB kwa sekunde kwenye mtandao wa gigabiti moja, shukuru, umefika mwisho wa uwezo wake. Ukiona 11, uko kwenye megabiti 100, na hapo ndipo tunapoanzia.

Dalili: mwendo umeganda kwenye 100

Hii ndiyo ninayokutana nayo kuliko zote. Ruta ni ya gigabiti, kompyuta ni ya gigabiti, lakini Link speed inasoma 100 Mb/s.

Waya wa mtandao una nyuzi 8, yaani jozi 4 zilizosukwa. Mtandao wa megabiti 100 unatumia jozi 2 tu, zile za pini 1, 2, 3 na 6. Gigabiti moja kwenda juu inadai jozi zote 4. Uzi mmoja kati ya zile nne nyingine ukikatika au usipogusana vizuri, kadi na swichi zinashindwa kukubaliana kwa gigabiti, na nyingi zinashuka kimyakimya hadi 100. Mtandao unafanya kazi, intaneti inafunguka, hakuna anayeshtuka. Unaweza kukaa na hali hiyo miaka.

Anza na hatua isiyo na gharama: chukua waya mfupi wa kiwandani, hamisha kompyuta hadi karibu na ruta, chomeka moja kwa moja. Ikisoma 1 Gb/s, kompyuta na ruta ni salama. Tatizo liko kwenye waya uliopita darini au kwenye ncha zake. Ikibaki 100, jaribu tundu jingine la ruta, kisha soma maelezo ya ruta yenyewe. Ruta nyingi za bei nafuu zina matundu ya megabiti 100 tu hata kama boksi limeandikwa Wi-Fi ya 300. TL-WR840N ya TP-Link, ambayo imejaa majumbani, matundu yake yote ni ya 100. Hapo hakuna cha kutengeneza, ni kununua swichi ndogo ya gigabiti na kuzihamishia kompyuta zote kwenye swichi hiyo. Ruta ile ya zamani ibaki na kazi ya kuleta intaneti.

Waya ukithibitika ndio wenye kosa, angalia mambo mawili kabla ya kuukata. La kwanza, kama kuna fundi aliyeugawa: jozi 2 zikaenda kwenye kompyuta, jozi 2 zikaenda kwenye kamera ya CCTV, ili kuokoa waya. Nimeukuta mtindo huo mara nyingi, na kwa enzi ya megabiti 100 ulifanya kazi. Kwa gigabiti hautafanya kazi kamwe. Lazima waya wa pili upitishwe. La pili, kama kwenye mipangilio ya kadi kuna aliyelazimisha kasi kuwa 100 Mbps Full Duplex (kutuma na kupokea kwa wakati mmoja). Irudishe kwenye Auto Negotiation. Gigabiti juu ya waya wa shaba haiwezi hata kuanza bila makubaliano hayo ya kiotomatiki. Na ukilazimisha upande mmoja tu, upande wa pili unadhani njia ni ya kupokezana. Data zinagongana na mwendo unaanguka hata chini ya megabiti 10.

Baada ya hapo ndipo uangalie konekta, na hapa naomba uwe na subira kwa sababu hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia.

Mpangilio unaotumika zaidi, ule wa T568B, ukishika konekta ulimi wake ukiwa chini, kutoka kushoto ni hivi: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Angalia kilivyokaa kijani: kimetenganishwa, kimoja pini ya 3, kingine pini ya 6, na bluu iko katikati. Inaonekana ovyo, ndiyo maana fundi asiyefundishwa anapanga rangi kwa kuzifuatanisha: jozi ya chungwa, jozi ya kijani, jozi ya bluu, jozi ya kahawia. Pande zote mbili anafanya hivyohivyo. Anachomeka testa, taa zinawaka moja hadi nane kwa mfuatano mzuri, anachukua hela yake anaondoka.

Dada mmoja wa Isevya aliniuliza swali la haki kabisa: "Kaka fundi, sasa kama testa imewaka taa zote nane, waya una kosa gani?"

"Testa inakuhakikishia kila uzi umefika upande wa pili, dada. Haikwambii umesukwa pamoja na uzi gani."

Kadi inatuma ishara kwenye pini 3 na 6 ikitegemea kwamba nyuzi hizo mbili zimesukwa pamoja, kwa sababu msuko ndio unaozuia jozi moja kumwagia kelele jozi ya jirani. Kwa mpangilio wa kufuatanisha rangi, pini 3 inapata nyeupe-kijani na pini 6 inapata bluu: nyuzi zisizojuana. Kwenye waya wa mita 2 utabahatisha. Kwenye waya wa mita 20 makosa yanajaa, mwendo unapanda na kushuka, au unaganda kwenye 100. Kata ncha zote mbili, panga upya. Ukitumia T568A pande zote ni sawa pia. Cha msingi ni mpangilio wa kitaalamu, na uwe mmoja pande zote.

Unapobana upya, usifumue msuko zaidi ya milimita 13, na kwa waya wa daraja la Cat6 jitahidi iwe pungufu ya hapo. Nyuzi zote 8 zisukume hadi uzione zikigusa ukuta wa mbele wa konekta. Ganda la nje la waya liingie ndani ya konekta ili kile kibanio cha nyuma kilishike lenyewe. Likibaki nje, kila ukivuta waya unazivuta nyuzi. Waya wa Cat6 una nyuzi nene kidogo, kwa hiyo konekta za Cat5e, daraja la chini yake, zinaweza zisizipokee vizuri. Nunua konekta zinazolingana na waya wako.

Dalili: konekta ni nzuri, bado hakuna utulivu

Kwangua uzi mmoja kwa wembe. Chukua kipande kilichobaki, vua plastiki ya uzi wa chungwa, kisha kwangua rangi nyekundu ya shaba taratibu. Kama chini yake panang'aa rangi ya fedha, umeuziwa alumini iliyopakwa shaba. Boksi linaweza kuwa limeandikwa Cat6 kwa herufi kubwa, lakini viwango vya Cat5e na Cat6 vinataka shaba tupu, basi waya huo si Cat6 hata ukiandikwa vipi. Herufi CCA kwenye ganda au kwenye boksi ndizo zinazoutambulisha, pale muuzaji alipokuwa mkweli.

Alumini ina upinzani wa umeme unaozidi wa shaba kwa zaidi ya nusu, na uzi wake ukikunjwa mara chache unakatika ndani kwa ndani. Ukiwa umeshafungwa ukutani na huna ncha ya kukwangua, tumia mita ya umeme. Zima na uchomoe vifaa vyote, upande mmoja unganisha nyuzi mbili za jozi moja, upande wa pili pima omu kati yake, ukitoa upinzani wa nyaya za mita yenyewe. Waya wa shaba wa geji 24 wenye urefu wa mita 30 unasoma omu 5 hivi. Ukisoma karibu 8, kuna uwezekano mkubwa ni alumini.

Ushauri wangu hapa hauna kona: ubadilishe. Usiuongezee swichi ya bei mbaya. Na kama waya huo unapeleka umeme kwenye kamera kwa njia ya PoE (umeme unaopita ndani ya waya huohuo wa mtandao), ubadilishe mapema zaidi, kwa sababu upinzani huo unageuka joto, na waya uko darini juu ya mbao.

Kuhusu joto la dari: viwango vya urefu wa mita 100 vimepimwa kwa nyuzijoto 20, na chini ya bati la Tabora mwezi wa Oktoba hali ni nyingine kabisa. Ishara inafifia zaidi waya ukipata joto. Lakini nyumba ya kawaida haifiki mita 40 za waya, kwa hiyo kwa shaba halisi joto hilo halikusumbui. Linaisumbua swichi. Ukikuta swichi imewekwa darini, inazima mchana na kupona usiku, ishushe ukutani mahali penye hewa na habari imekwisha.

Dalili: Link speed ni 1 Gb/s, faili linakwenda 35 MB

Pima kwa iperf3. Ikitoa 940, waya wako hauna neno, acha kuugusa. Kinachobana ni diski. Diski ya nje iliyochomekwa kwenye tundu la USB 2.0 inaishia megabaiti 30 hadi 40 kwa sekunde, basi. Ihamishie tundu la USB 3, mara nyingi lenye ulimi wa bluu, na uhakikishe waya wake nao ni wa USB 3. Adapta ya USB ya kuchomekea waya wa mtandao ina ugonjwa huohuo: ikiwa tundu la kompyuta ni 2.0, uwezo wote wa tundu ni megabiti 480 kwenye karatasi, na kazini inatoa 300 na kidogo.

Faili ndogondogo nyingi, kama picha elfu kadhaa za albamu, nazo huenda taratibu hata mahali pazuri, kwa kuwa kila faili lina kazi yake ya kufunguliwa na kufungwa. Pima kwa faili moja kubwa la video kabla ya kulaumu chochote.

Diski ya kawaida ya kuzunguka hutoa megabaiti 100 hadi 200 kwa sekunde. Mwenye diski hiyo pande zote mbili hana sababu kubwa ya kukimbilia gigabiti 2.5. SSD (diski isiyozunguka) ya kiunganishi cha SATA inafika karibu 550. Huyo ndiye atakayeiona tofauti. Ningekuwa na hela ya kitu kimoja tu, ningeanza na SSD.

Dalili: kadi ya 2.5 imefungwa, inasoma 1 Gb/s

Angalia kilichoko upande wa pili. Kasi ya 2.5 ilipewa kiwango chake mwaka 2016, na swichi ya gigabiti haiwezi kuipanda hata ukiibadilishia waya. Kwenye ruta zinazotangazwa kuwa na 2.5, mara nyingi tundu la kasi hiyo ni moja tu, lenye maandishi yake pembeni, na mengine ni ya gigabiti moja. Vifaa vya 10G (gigabiti 10) vya mtumba vinavyotoka kwenye seva navyo vina mtego: kadi kama Intel X540 inajua gigabiti 10, gigabiti 1 na megabiti 100, haijui 2.5. Ukiichomeka kwenye swichi ya 2.5 inashuka hadi 1.

Waya wa Cat5e wa shaba unabeba 2.5 hadi mita 100, kwa hiyo usibomoe ukuta kuweka Cat6 kwa sababu ya 2.5 peke yake. Cat6 inaanza kuwa na maana ukitaka 5, au 10 kwa umbali usiozidi mita 55 hivi. Kwa nyumba mpya ambayo bado inapigwa plasta, weka Cat6 na upitishe ndani ya paipu, ili kesho waya uweze kuvutwa bila nyundo.

Kama Link speed inasoma 2.5 lakini iperf3 inaishia chini ya gigabiti 2, chunguza tundu ulilochomekea kadi kwenye ubao wa kompyuta. Kompyuta za zamani zenye matundu ya kadi ya PCIe ya kizazi cha kwanza zinatoa megabaiti 250 tu kwa kila njia, na kazini ni pungufu ya hapo. Ihamishie tundu refu la kadi ya picha, kama liko wazi na ni la kizazi cha pili au zaidi.

Dalili: inashika 2.5, kisha inakatika

Kwanza weka draiva (programu inayoiendesha kadi) mpya kutoka kwa mtengenezaji wa chipu, usitegemee ile iliyokuja na Windows. Kisha kwenye mipangilio ya kadi zima Energy Efficient Ethernet, ule mpangilio wa kuipunguzia kadi umeme wakati imetulia. Kwenye baadhi ya kadi na swichi ndio unaoleta mkatiko wa sekunde chache. Ikiendelea, tazama hesabu ya makosa: netstat -e kwenye Windows, ip -s link kwenye Linux. Andika namba, nakili faili kubwa, soma tena. Makosa yakiongezeka kila unaponakili, rudi kwenye konekta na waya. Yasipoongezeka, shuku kadi, joto au adapta ya umeme ya swichi.

Na kama ping (amri ya kujaribu kama kompyuta nyingine inajibu) inajibu lakini faili kubwa linaganda palepale linapoanza, tafuta aliyewasha Jumbo Frame (mpangilio wa kutuma data kwa vifurushi vikubwa kuliko kawaida) kwenye kompyuta moja akasahau nyingine. Rudisha zote kwenye baiti 1500.

Dalili: taa ya tundu imezima baada ya radi

Mvua za Novemba hadi Aprili zinakuja na radi, na waya wa shaba unaotoka nyumba kubwa kwenda vyumba vya uani unaweza kubeba umeme wa radi hadi kwenye swichi hata radi isipoupiga wenyewe. Jaribu matundu mengine: mara nyingi linaungua moja au mawili, mengine yanabaki. Usiliamini sana lililobaki. Kifaa kilichoonja radi kinaweza kushika 100 pale kilipokuwa kinashika gigabiti, na ukaanza kuusumbua waya usio na kosa.

Kati ya jengo na jengo weka faiba (waya wa kioo unaopitisha mwanga) isiyo na waya wa chuma ndani, na kibadilishaji kidogo cha kuiunganisha na waya wa kawaida kila upande. Kioo hakipitishi umeme. Gharama imeshuka kuliko wengi wanavyodhani, na mtu akijenga mtaro, aifukie ndani ya paipu ngumu kwa sababu mchwa wa huku hawachagui. Mpaka hapo utakapoiweka, wingu likifunga chomoa waya wa uani kwenye swichi pamoja na plagi ya umeme; kuzima kwa kitufe hakutoshi.

Dalili: ndani mambo safi, intaneti ileile

Hii si hitilafu. Kifurushi cha megabiti 20 kinabaki 20 hata ukiwa na swichi ya 10G. Televisheni nayo ikisoma 100 Mb/s iache, nyingi zimetengenezwa na tundu la 100, na video ya 4K ya intaneti kwa kawaida haihitaji zaidi ya robo yake. Kamera ni vivyo hivyo. Matundu ya kasi yaachie kompyuta ya kuhariria na diski ya kuhifadhia.